Pesa ya Mbwa Aliyegongwa Itafutwe Kabla Hajagongwa

Saa moja na nusu usiku, barabara ya Kitale kwenda Webuye, karibu na Kiminini. Bodaboda imemgonga mbwa na haikusimama. Mbwa hajafa. Anajikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma inaburuzika kama gunia tupu. Watu wamemzunguka, mmoja anampiga picha. Baada ya dakika kumi picha iko kwenye makundi matano ya WhatsApp, chini yake pameandikwa "jamani tusaidieni", kisha namba ya simu ya mtu ambaye nusu ya wanakikundi hawamjui. Kufikia saa nne zimeingia shilingi mia tisa. Daktari anapigiwa simu, naye anauliza nani atalipa mafuta, maana mwezi uliopita alitoka usiku kwa ajili ya paka, akamshona, na hadi leo anangoja malipo.

Tukio hilo nimeliunga kwa vipande vya mengine mengi, na ukiishi Kiminini, Webuye au Kanduyi utalitambua. Usimlaumu daktari, wala waliotuma hamsini hamsini. Kilichokosewa ni saa. Usiku wa dharura si wakati wa kutafuta pesa, ni wakati wa kuitumia. Mwongozo huu ni wa kukusaidia wewe na majirani zako kuwa nayo mapema.

Anza na daktari

Wengi huanza kwa kufungua akaunti. Wewe anza kwa kumtembelea daktari wa mifugo, asubuhi akiwa hana haraka, nawe ukiwa huna mnyama mkononi. Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi, kuku na ng'ombe wa maziwa, na daktari wa huku hupata riziki yake kwa kupandikiza mbegu, kutibu ndigana na ugonjwa wa kiwele. Mkoba wake umepangwa kwa ajili ya ng'ombe. Kwa hiyo muulize waziwazi: anashughulikia mbwa na paka, au huwaelekeza kwa mwenzake? Ana dawa ya usingizi ya mnyama mdogo? Anatoka usiku, na kwa malipo gani hadi Kiminini, hadi Kimilili? Mfupa ukivunjika, eksirei anaipata wapi? Swali hilo la mwisho linaweza kukupeleka Eldoret, kilomita kama 70 kutoka Kitale, na kutoka Bungoma ni mbali zaidi. Nauli ya safari hiyo, na gari litakalokubali kubeba mbwa mwenye damu, ni sehemu ya bajeti yako tangu leo.

Mwombe akuonyeshe leseni. Haoni vibaya akiwa nayo. Chini ya sheria ya mwaka 2011, Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya ndiyo inayowasajili madaktari na wahudumu wasaidizi wao. Mwenye duka la agrovet anayejua dawa zote za kupe kwa majina si lazima awe daktari. Atakuuzia iodini na bandeji, umshukuru, lakini asishike kisu.

Mkielewana, andikeni. Karatasi moja yatosha. Iwe na bei ya kutoka mchana na ya kutoka usiku, bei ya kusafisha na kushona jeraha, ya dripu, na ya sindano ya kumlaza mnyama asiyeweza kupona. Iwe na kiwango ambacho daktari anaruhusiwa kutumia bila kumpigia mtu yeyote simu: kutuliza maumivu, kuzuia damu, kuweka dripu, kutoa dawa ya sumu. Kikipita kiwango hicho, awapigie watu wawili waliotajwa kwa majina, na mmoja wao akikubali, aendelee. Mkiacha uamuzi kwa kundi zima la WhatsApp mtajadiliana hadi mnyama afe, na wa kwanza kuandika "RIP" atakuwa yule ambaye hakuchanga.

Halafu kuna kianzio, na hiki nakisisitiza kuliko kingine chochote. Mwachie daktari pesa kidogo kwa risiti, ikatwe kila anapoitwa, na ikikaribia kwisha awajulishe. Daktari mwenye kianzio chenu hupokea simu saa tano usiku. Asiye nacho huiangalia ikilia.

Mfuko wenyewe

Hesabu si ya kutisha. Watu ishirini wakitoa shilingi mia moja kila wiki ni 2,000 kwa wiki, yaani 104,000 kwa mwaka. Watu ishirini ni waumini wa kanisa dogo, au walimu wa shule mbili, au wenye maduka wa mtaa mmoja. Ni chama kama chama kingine chochote, tofauti yake ni kwamba zamu ya kupokea ni ya mnyama.

Kisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba na viongozi, na kazi hiyo hufanyika katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Cheti hicho ndicho kitakachowafungulia akaunti ya benki na namba ya Paybill kwa jina la kikundi. Pesa isikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mchungaji. Si kwamba ataiba. Simu hupotea, mtoto wake hufukuzwa shule kwa karo, na hela iliyo karibu ndiyo hukopwa kwanza.

Mkitaka kuzungusha kopo sokoni Chwele au kwenye stendi ya Kitale, pitieni kwanza kwa naibu kamishna wa kaunti muulizie kibali, kwa kuwa kuna Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, na askari wa soko hujua kuitaja hata kama hajaisoma.

Sasa jambo ambalo mwongozo ulioandikwa Nairobi hautakuambia. Huku pesa ina msimu. Mahindi hupandwa Machi na Aprili, huvunwa kuanzia Oktoba, na ukipitisha mchango Mei au Juni utaambulia pole nyingi. Kwa hiyo usiombe shilingi wakati wa njaa. Omba gorogoro wakati wa mavuno. Gorogoro mbili kwa kila mwenye shamba hazimuumizi, na gorogoro arobaini na tano hivi hujaza gunia la kilo 90. Yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango ambacho Bodi ya Nafaka nayo hukitaka, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na yauzwe bei ikipanda kabla ya mavuno yanayofuata. Mchango umekua ukiwa ghalani, bila riba ya benki. Wanaolima miwa upande wa Nzoia na Bungoma wana kalenda yao ya malipo, na mweka hazina mwerevu huijua. Januari mwache kila mtu alipe karo.

Kwa dharura moja kubwa inayozidi mfuko, kama vile upasuaji wa mguu, jukwaa la michango la hapa nchini kama M-Changa husaidia, kwa sababu kila mchangaji huona jumla inavyopanda. Ndugu walio ughaibuni hupenda GoFundMe, lakini mara nyingi hapo pesa hushikwa kwanza na mtu aliye nje ndipo itumwe huku. Mchagueni mtu huyo kwa makini kama mnavyomchagua mweka hazina, na tarehe ya kutuma itangazwe. Daktari akiwa na namba ya Till, wachangaji walipe huko moja kwa moja. Hakuna kinachonyamazisha maswali haraka kama pesa isiyopita mikononi mwako.

Kuomba bila kulialia

Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, Dorothy Brooke, alifika Cairo akakuta maelfu ya farasi na nyumbu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakauzwa hapohapo vita vilipokwisha. Walikuwa vikongwe, mifupa na vidonda, bado wakivuta mikokoteni. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London akieleza alichokiona. Wasomaji walituma pesa, na katika miaka mitatu aliwanunua wanyama wapatao 5,000. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya bure mjini Cairo, na shirika lililotokana na barua ile lina ofisi Nairobi hadi leo, likishughulikia hasa punda. Nakupa kisa hiki kwa sababu moja: wengi wa wanyama aliowanunua alipaswa kuwalaza kwa sababu hawakuwa wa kupona, na wachangaji walijua hivyo. Hakuwauzia ndoto.

Nawe ombi lako liwe hivyo. Andika, kwa mfano: "Mbwa jike, amegongwa leo Webuye saa moja usiku. Daktari amemwona saa tatu. Mguu wa nyuma wa kushoto umevunjika, uti wa mgongo mzima. Matibabu ya leo yamelipwa na mfuko. Kumpeleka Eldoret na kumpasua kunahitaji kiasi hiki. Tuna kiasi hiki. Tunapungukiwa na hiki. Lipa kwa Till ya daktari. Tutafunga mchango Ijumaa jioni. Pesa ikizidi itabaki mfukoni kwa mnyama anayefuata. Mguu usipofaa, utakatwa." Ujumbe huo una kila kitu ambacho mtu mwenye shilingi mia mbili na mashaka mengi anataka kujua. Picha moja yatosha, na isiwe ile ya kutisha zaidi.

Mashaka yake yana msingi. Picha za mbwa waliojeruhiwa Afrika Mashariki huzungushwa mitandaoni na watu wasiowahi kumgusa mnyama huyo, na wapo wanaomwacha mnyama bila tiba kwa sababu kidonda kibichi huleta pesa kuliko kilichopona. Wewe ukiwa mchangaji, itafute picha hiyo kwenye Google uone kama iliwahi kutumika kwingine, omba jina la daktari umpigie mwenyewe, na omba video fupi ya mnyama leo hii pamoja na mtu anayetaja tarehe. Mwokozi wa kweli atachoka na maswali yako lakini atayajibu. Wa uongo atakutukana kwamba huna huruma.

Nani alipe kabla yenu

Mnyama aliyejeruhiwa si lazima awe ametupwa. Ng'ombe aliyegongwa na lori Kanduyi ana mwenyewe, na punda aliyelala na mkokoteni mgongoni ana mwenyewe pia. Tafuteni mwenye mnyama kupitia balozi wa Nyumba Kumi au chifu kabla ya kugusa mfuko. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani anayemtesa mnyama. Andikisheni tukio katika kituo cha polisi, mpewe namba ya OB. Namba hiyo itawakinga mkija kuambiwa mmeiba mbwa wa mtu, na kwa mchangaji ni ushahidi kwamba jambo limetokea.

Lakini mwenye punda mara nyingi ni kijana asiye na kitu kingine. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia 2016, wizi wa punda ulishamiri na bei ikapanda. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Katikati ya vurumai hiyo, kijana wa mkokoteni anayepoteza punda Kitale hampati mwingine kirahisi. Mpeni mkopo usio na riba badala ya msaada: mfuko umlipe daktari leo, naye arudishe kidogo kidogo punda akishasimama. Arudishapo hamsini ya kwanza, mmepata mwanachama.

Nyani, kima, swala au ndege wa porini si wenu. Saiwa na Mlima Elgon ziko karibu, na wanyama hutoka. Pigeni simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na msimfungie mnyama huyo nyumbani hata kwa wema, kwani sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali.

Halafu kuna mdaiwa ambaye hakuna anayemdai. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kati ya kazi za serikali ya kaunti imo udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Huduma za mifugo nazo ni za kaunti. Yaani kazi unayoifanya kwa gorogoro za majirani, kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zilipewa jukumu lake kwa maandishi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kwao kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo huitishwa vikao vya wananchi. Nendeni watano, na ombi moja lililoandikwa: banda moja, daktari mmoja wa zamu ya usiku, dozi kadhaa za chanjo. Watawacheka mwaka wa kwanza, kwa kuwa jirani yako ameomba barabara na daraja. Ombi hata hivyo litakuwa limeingia kwenye kumbukumbu, na mwaka wa pili mtalitaja kwa tarehe.

Usiku wenyewe

Simu imelia. Kabla hujamgusa, kumbuka mnyama mwenye maumivu huuma hata aliyemlea. Mfunge mdomo kwa kitambaa kirefu ikiwa anapumua vizuri na hatapiki, mtelezeshe juu ya ubao au gunia lililokunjuliwa, usimnyanyue kwa miguu. Funga jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi na ukandamize. Usimpe panadol: kidonge kimoja chaweza kumuua paka, na dawa za binadamu kama brufeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Akitokwa na mate mengi huku misuli ikitetemeka, huenda amekula dawa ya kupe au ya wadudu wa shambani. Watu watakuja mbio na maziwa. Maziwa si dawa ya sumu, na kwa mnyama anayetetemeka yanaweza kuingia mapafuni. Mbebee daktari chupa au karatasi ya dawa hiyo kama ipo, kwa sababu kwa baadhi ya sumu hizo anayo atropini, na dakika zina maana.

Ukiumwa au kukwaruzwa, acha kila kitu uoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali usiku huohuo ukaulizie chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakina tiba. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vyake kufikia mwaka 2030, na njia yake ni kuchanja angalau mbwa saba kati ya kila kumi, wenye kwao na wasio na kwao. Kwa hiyo kila mbwa anayepita mikononi mwa mfuko wenu achanjwe akipata nguvu, na waokoaji wenyewe wachanjwe mapema kwa pesa ya mfuko. Gharama hii isipokuwemo kwenye bajeti, bajeti hiyo ni ya wanyama tu.

Na sasa uamuzi mgumu, ambao nao ni wa pesa japo watu hawapendi kusikia. Mbwa mwenye uti wa mgongo uliokatika anaweza kuishi wiki tatu kwa dripu na dawa za maumivu huku mfuko ukikauka, na mwishoni akafa. Katika wiki hizohizo wanyama wengine, wenye majeraha ya kushonwa mara moja wakapona, wataletwa na hakutakuwa na kitu. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, mkiwa hamjamwona mnyama yeyote usoni: daktari akisema hatapona, au atapona kwa mateso yasiyo na mwisho, analazwa kwa sindano, na hakuna anayepigiwa kura ya huruma. Mwenye mnyama akijulikana, sauti ni yake kwanza. Asipojulikana, polisi wahusishwe, na daktari aandike sababu. Kutokuwa na sindano hiyo ndiko huwarudisha watu kwenye panga na mawe, na wewe unajua wanaotumia panga na mawe si wakatili wote. Wengine wamekosa tu cha kufanya.

Baada ya wiki moja, toa taarifa. Watu wanaosema "michango ya mbwa ni ya kula pesa" wamewahi kuchanga mahali na hawakuambiwa kilichotokea. Kwa hiyo bandika risiti, na uandike hata habari mbaya: "Mbwa wa Kiminini alilazwa Alhamisi saa kumi jioni, mgongo ulikuwa umekatika. Daktari, dripu na sindano vimelipwa kutoka kwenye kianzio. Watoto watatu wa mbwa waliookotwa ndani ya gunia Chwele wamechanjwa; wawili wamepata kwao, mmoja yuko kwa mweka hazina na anakula viatu. Salio ni hili. Gunia la mahindi bado halijauzwa."